Sauti ya Msiba na Sauti ya Sabuni

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Zawadi nzuri kweli kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Direkta alisoma hotuba ndefu, akaniita nguzo ya redio, akakosea jina langu, na soda zikaisha kabla ya hotuba. Nawashukuru nyote. Lakini wewe Gloria, unayekalia kiti changu sasa na kulalamika kwamba kinalia kila ukijigeuza, ulinivuta pembeni ukaniuliza: "Mama Zaina, ile siku ya mwisho, juu ya nini uliacha mikro katikati ya matangazo, ukatoka?" Nikakujibu kwamba nilichoka. Jibu hilo lilikuwa fupi mno. Kwa kuwa sasa nina saa ya ukutani na muda mwingi wa kuitazama, nitakujibu vizuri. Wenzako nao wasome, hasa wale wanaodhani matangazo ya biashara yalianza siku waliponunua simu zenye kamera.

Niliingia redioni kabla ya vita, hapa hapa Kindu, mtaa wa Kasuku, karibu na soko. Aliyenipeleka ni dada yangu mkubwa, Yaya Mwajuma, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Alinishika mkono mpaka mlangoni, akamwambia mzee tuliyemkuta pale: "Huyu anapiga makelele bure ku nyumba. Afazali apige hapa." Hizo ndizo zilikuwa barua zangu za sifa.

Mzee huyo alikuwa Papa Feruzi, fundi wa sauti. Alikuwa ndiye fundi, ndiye mhariri, na jenereta ikigoma, ndiye aliyeipiga teke. Chumba cha kurekodia kilikuwa kimebandikwa trei za mayai na mablanketi ukutani ili kelele za soko zisiingie, na joto lisitoke. Mikro ilivalishwa soksi ili pumzi isiilipue sauti. Soksi ilikuwa ya Papa Feruzi mwenyewe, na alituapia kwamba imefuliwa. Nyinyi leo mna kifuniko cha sponji kilichokuja kwa ndege, na bado mnapuliza.

Siku ya kwanza alinipa karatasi mbili. Moja ilikuwa tangazo la kifo cha mzee mmoja wa Kailo, ya pili tangazo la sabuni. Nilikuwa na furaha ya kazi mpya, nikazisoma zote mbili kwa uchangamfu mmoja, kama mtu anayeita wateja wa ndizi. Papa Feruzi akasimamisha kaseti.

"Mutoto yangu," akasema, "ule muzee amekufa, ao umemuuzisha?"

Kisha akanifundisha kazi, na sijawahi kuipata shule nyingine iliyofundisha zaidi. Kumbukeni kwamba hakukuwa na simu. Mtu akifa Kindu, ndugu zake wa Kailo au wa Lubutu walijua kwa redio. Saa ya matangazo ya vifo ilipofika, mwanamke aliacha kutwanga sombe, majani yake ya muhogo, mwanamume alizima baiskeli yake kama vile ina injini, na watoto walinyamazishwa kwa kofi ili wasije wakafunika jina la mtu. "Muntu anasikia jina ya baba yake kwako, mara ya kwanza," Papa Feruzi aliniambia. "Usimuharakishe." Kwa hiyo tangazo la msiba lilikuwa na sauti yake: mgongo wima, maneno polepole, majina yote kwa ukamilifu, familia zote, vijiji vyote, bila gitaa mbele wala nyuma. Sauti ya sabuni ilikuwa kitu kingine. Hapo nilitakiwa nicheke. Gitaa linaanza, mimi naingia na kicheko kirefu kama nimeolewa tena, halafu nasema haraka haraka yale ambayo mtu akiyasikia polepole atayatilia shaka.

Wafanyabiashara waligundua upesi kwamba mji mzima hunyamaza saa ya vifo, wakaomba matangazo yao yawekwe hapo hapo, baina ya marehemu na marehemu. Ndivyo chumvi ilivyopata wasikilizaji. Nyinyi mnakwenda semina kusoma jinsi ya kumkamata mteja akiwa makini. Sisi tulimkamata akiwa anasubiri kujua nani amekufa.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Papa Kambale, mwenye duka, aliyetoka Butembo na bidhaa zake na Biblia yake. Aliuza sabuni iitwayo Bibi-harusi. Sabuni hiyo ilikuwa ngumu kama tofali na ilitoa povu kwa shingo upande. Mimi nilikuwa natangaza: "Mama, oga na Bibi-harusi, mume atarudi nyumbani mapema!" kisha kicheko. Akina mama walinunua. Waume waliendelea kurudi saa zao zile zile, na lawama zikanifuata mimi sokoni, si Papa Kambale.

Aliyeanzisha mambo ni Yaya Mwajuma. Alinisimamisha mbele ya wauza samaki, mkononi ameshika kipande cha sabuni ile, akaniuliza kwa sauti: "Zaina, ile maneno ya sabuni ulisema ya kicheko, ao ya kweli?"

"Yaya, si ulisikia nilicheka?"

"Nilisikia. Basi ni ya kicheko." Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Akicheka, shika feza yako muzuri."

Watu walicheka, na neno likabaki. Muda si mrefu Kindu nzima ilikuwa inagawa maneno katika makundi mawili. Mtoto akisema ameoga, mama yake anamuuliza kama ni ya kicheko au ya kweli. Mchumba akiahidi mahari, wakwe wanamuuliza vilevile. Nilidhani Papa Kambale angekasirika. Wapi! Sabuni iliuzwa zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna mtaalamu atakayewaambia mkiwa mmeshamlipa: tangazo halihitaji kuaminiwa. Linahitaji kuzoeleka tu. Mtu anafika dukani, anaona sabuni kumi asizozijua na moja anayojua kwamba inadanganya, anachukua hiyo anayoijua.

Hata hivyo Papa Kambale hakutosheka. Siku moja alikuja na wazo. "Mama Zaina, soma sabuni yangu na ile sauti ya kufa. Ile njo sauti watu wanaamini."

Mimi nilikuwa tayari kujaribu, maana nilikuwa kijana na wazo lilionekana la kisasa. Papa Feruzi akakataa kabla sijafungua mdomo. "Hapana, Papa Kambale. Siku tutauzisha sabuni na ile sauti, hakuna muntu atakuja tena ku kilio." Kilio, kwa wale mnaozikia kwenye simu, ni pale watu wanapokusanyika nyumbani kwa wafiwa, wanakaa na kulia nao. Papa Kambale alinung'unika akaenda zake. Sabuni ikaendelea kucheka.

Halafu vita vikaja. Treni ikaacha kuja, mashua zikaacha kuja, na chumvi ikawa inalambwa kwa ncha ya kidole. Matangazo ya biashara yakapungua kwa sababu hakukuwa na cha kuuza. Matangazo ya vifo hayakupungua. Wenye bunduki walishika mji, na wenye bunduki wengine wakakaa msituni kuuzunguka. Kila upande ulitueleza kwamba unatulinda dhidi ya ule mwingine. Sijawahi kulindwa kiasi kile maishani.

Watu wengi walivuka mto wakakimbilia msitu wa ng'ambo, mbele ya Kailo. Yaya Mwajuma alikwenda pia, na watoto wake, na redio ndogo aliyoachiwa na marehemu mumewe, akiifunga kifuani kwa kitenge kama mtoto wa mwisho. Mimi na wafanyakazi wenzangu tulikatazwa kuondoka; wakubwa wapya walihitaji redio kuliko walivyohitaji mkate. Pale kivukoni nililia. Yeye hakulia.

"Mudogo yangu," aliniambia, "nitakuwa nakusikia kila siku. Weye soma tu."

Nikasoma. Kila nilipokaa mbele ya soksi ile nilimwona akianika betri zake juani ili zipate nguvu kidogo, na watu wa msituni wamejikusanya kuzunguka kile kiredio. Nilikuwa nasomea mtu mmoja.

Baada ya muda kundi la kwanza la watu lilirudi kutoka msituni kwa hiari yao, kwa njaa. Wale waliokuwa wameshika mji waliwapokea kivukoni, wakawashitaki kwamba walikuwa wakilisha maadui, wakawabebesha mizigo kwa njia ya Lubutu. Hakuna hata mmoja tuliyemwona tena. Tulikatazwa kutangaza. Ndugu zao waliona, wakarudi nyumbani, wakalilia ndani milango imefungwa.

Ndipo Komanda alipokuja redioni. Alikuwa mtu nadhifu, viatu vinang'aa katika mji ambao hata sahani zilikuwa hazing'ai. Alifuatana na msaidizi wake aitwaye Asumani, mtoto wa hapa hapa Kindu, ambaye wakati ule alikuwa anamwandikia karatasi zake na kumweleza desturi za mji. Nilimjua Asumani. Mama yake naye alikuwa ng'ambo.

Komanda aliweka karatasi mezani. Ilisema kwamba wananchi wote waliokimbia warudi Kindu, amani imetawala, na kivukoni watapewa chumvi, sabuni na nguo. Nikamaliza kuisoma kimyakimya. Nikakumbuka njia ya Lubutu.

"Nimeambiwa una sauti mbili," Komanda alisema. "Nataka ile ya msiba. Nasikia wakiisikia hiyo, wanaamini kila kitu."

Nikikataa, nilijua wanakopelekwa wanaokataa. Nikisoma kwa sauti ile, Yaya Mwajuma angefunga watoto mgongoni na kuja, kwa sababu tangu nizaliwe sikuwahi kumdanganya kwa sauti ile. Angeniamini mimi, angetembea mpaka kivukoni, na wangempokea.

Papa Feruzi akakohoa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, kazi ambayo ilichukua muda kuliko kawaida.

"Komanda, naomba musamaha," akasema. "Ile sauti ya kifo? Ku tangazo ya furaha?"

"Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya, Komanda. Lakini watu watasikia ile sauti, watafikiri kuko maiti. Mbele ya kufika ku neno ya chumvi, wote wanalia. Muntu mwenye kulia hatembei mbio. Weye unapenda waje mbio, ao polepole?"

Komanda akafikiri. "Mbio."

Nikaelewa Papa Feruzi anakokwenda. Jamani, nimeuza sabuni isiyotoa povu, nimeuza chumvi yenye mchanga, lakini siku ile ndiyo niliuza bidhaa ngumu kuliko zote, kwa mteja mwenye bastola kiunoni: nilimuuzia kicheko.

"Komanda," nikasema, "tangazo kubwa linahitaji gitaa. Linahitaji furaha. Na kama utaturuhusu, tutaweka jina lako mwanzoni, katikati, na mwisho."

Macho yake yakabadilika. Watoto wangu, shikeni hili hata kama mtasahau mengine. Mteja wa tangazo, awe na duka au awe na jeshi, anataka mambo mawili tu: jina lake lisikike, na neno "kubwa" liwe karibu nalo. Ukimpa hayo hatauliza la tatu.

"Komanda Mkubwa," alisema polepole, akilionja.

"Komanda Mukubwa anawaita nyumbani," nikaongeza. "Halafu nacheka."

"Cheka nisikie."

Nikacheka kicheko cha Bibi-harusi, kile kirefu chote. Komanda akatabasamu. Papa Feruzi akaweka kaseti ya gitaa. Tukarekodi palepale, Komanda akitikisa kichwa kwa mdundo, mimi nikiita watu warudi, chumvi bure, nguo bure, amani tele, kicheko, Komanda Mukubwa, kicheko tena. Nilicheka kuliko nilivyowahi kucheka kwa ajili ya sabuni yoyote.

Tulipomaliza, Komanda akamgeukia Asumani. "Wewe ni wa hapa. Unaonaje?"

Hapo nilikufa kidogo. Asumani alikulia sokoni. Maneno ya kicheko na ya kweli aliyajua tangu akitembea uchi. Angesema sentensi moja tu, na mimi na Papa Feruzi tusingelala nyumbani. Alinitazama. Nami nikamtazama. Gitaa lilikuwa bado linalia katika kaseti.

"Komanda," Asumani akasema, "iko muzuri sana. Mama yangu mwenyewe akisikia hii, atajua vya kufanya."

"Umeona!" Komanda akampiga begani.

Tangazo likaenda hewani. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kivukoni, nikajifanya natafuta samaki. Komanda naye alikuwapo, na askari wake, na gunia moja la chumvi lililowekwa wazi ili lionekane. Mizigo ya kubebwa ilikuwa nyuma ya ukuta. Mitumbwi ilikuja. Kila mtumbwi uliponyoosha pua kutoka ng'ambo nilitafuta kitenge cha Yaya ndani yake, nikimwomba Mungu nisikione. Mitumbwi ilikuja mitupu, wavuvi tu. Siku iliyofuata vilevile. Lakini sikuwa na hakika ya kitu. Huenda hakusikia. Huenda betri zilikufa. Huenda njaa ilimshinda na alikuwa njiani akija. Hofu hiyo sikuweza kumweleza mtu. Niliitafuna peke yangu, nikirudi redioni kusoma majina ya wafu.

Komanda akarudi na malalamiko. Watu wa rika langu katika kazi hii tunayajua malalamiko hayo kwa moyo. "Tangazo halikufanya kazi."

Nikampa jibu ambalo nilimpa Papa Kambale, na ambalo nyinyi mtampa kila mteja hadi mtakapostaafu. "Komanda, tangazo ni kurudia. Mara moja haitoshi."

Akaagiza lirudiwe. Likapigwa asubuhi, mchana na jioni. Kicheko changu kilivuka mto mara nyingi kwa siku, kikiwaambia watu wasije, kwa gharama ya Komanda na mafuta yake ya jenereta. Bado mitumbwi mitupu. Akarudi tena, safari hii akasema tatizo ni gitaa, halina nguvu. Nikamwambia ana sikio la pekee. Tukabadilisha gitaa. Baadaye akaona jina lake halisikiki vizuri, tukaliongeza. Mwishowe alikuwa anapita barabarani akiliimba tangazo lenyewe, na alipokosa watu wa kumrudia aliwalaumu wasikilizaji kwamba ni watu wagumu wasiojua kitu kizuri. Katika kazi yangu yote sijaona tangazo lililomshawishi mtu kwa uhakika kama lile. Lilimshawishi yule aliyeliagiza, na halikumshawishi mtu mwingine yeyote. Baadaye wakubwa zake walimhamishia kwingine, na nasikia aliondoka na nakala ya kaseti.

Vita vilipopoa, watu walianza kuvuka kurudi. Nilikuwa kivukoni nilipokiona kile kitenge. Yaya Mwajuma alikuwa amekonda hadi nikamjua kwa namna anavyoshika kiuno, lakini watoto wote walikuwa naye, na redio ilikuwa bado kifuani. Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Mudogo yangu," akasema, "ulicheka muzuri."

Akanisimulia pale pale, tukiwa tumekaa kwenye mchanga. Tangazo liliposikika msituni, wanaume kadhaa walisimama wakaanza kufunga mizigo, waliisikia chumvi. Yeye akawauliza: "Mbona anacheka? Zaina anachekaka wakati sabuni haitoe povu." Wakabisha. Lilipopigwa tena wakasikiliza vizuri. Lilipopigwa mara ya tatu na gitaa jipya, hata wale waliobisha waliketi chini. Nililia mpaka watoto wake wakaogopa. Sina aibu kuandika hivyo. Nilimpenda dada yangu kuliko mtu yeyote, na kwa muda wote ule nilikuwa nimeamini kwamba sitamwona.

Amani ilipokuja, matangazo yalikuja nayo. Kwanza bia, halafu simu, halafu wagombea, halafu manabii wenye mafuta ya baraka katika chupa za juisi. Papa Feruzi alifariki, nikamsoma mgongo wima, bila gitaa. Soksi niliibakiza. Kisha mkaja nyinyi, vijana wangu, mnaocheka katika kila kitu: taarifa ya habari kicheko, hali ya hewa kicheko, na juzi mmoja wenu aliweka tangazo la msiba kwenye simu na ngoma chini yake na mioyo myekundu inaruka. Nilimuuliza marehemu anauzwaje. Hakuelewa.

Mwaka huu, nikiwa nahesabu siku za mwisho, alifika mteja na chupa. Dawa ya nguvu, alisema, inayotibu mgongo, sukari, tumbo, uzazi na kufeli mitihani. Mwenye kuinywa ataweza kuacha vidonge vyote vya hospitali. Mtu huyo hakuwa mjinga. Alitaka chupa yake iwekwe mara tu baada ya vifo, isomwe na mimi, kwa sauti ileile, bila gitaa, bila hata kupumzika, ili msikilizaji asijue marehemu ameishia wapi na chupa imeanzia wapi. Nimefanya kazi na walaghai wengi. Huyu nilimvulia kofia.

Nilimwambia Direkta nitaisoma kwa kicheko. "Hapana, Mama Zaina," akasema, "mteja anaomba ya kweli." Nikasema koo linaniuma. Koo likaendelea kuniuma kwa utiifu mkubwa, juma baada ya juma, na Direkta akaanza kuniletea tangawizi.

Wakati huo Yaya Mwajuma alikuwa mgonjwa, amelala nyumbani kwangu, redio ile ya msituni juu ya mto wake. Nilimweleza habari ya chupa, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akapunguza sauti ya redio.

"Zaina. Siku yangu ikifika, unisome na kicheko."

"Yaya, acha mambo hayo."

"Watoto wakisikia unacheka, watasema: aa, ni piblisite, tangazo ya sabuni tu, mama hajakufa." Akatabasamu. "Kidogo tu. Juu ya wale watoto."

Nilimwahidi, kama mtu anavyoahidi ili mazungumzo yaishe.

Alifariki kabla ya mapambazuko ya siku yangu ya mwisho kazini. Direkta alituma ujumbe nisije. Nilikuja. Gloria, ulinifungulia mlango, ukanipa karatasi za siku hiyo, na juu kabisa kulikuwa na jina lake. Chini yake kulikuwa na chupa, kwa maandishi ya Direkta: sauti ileile, bila gitaa. Nikaivalisha mikro soksi ya Papa Feruzi. Nilitaka kutimiza ahadi. Nilifungua mdomo ili nicheke, kicheko kile kilichokuja bila shida kwa ajili ya sabuni, kilichokuja hata mbele ya bastola. Hakikuja. Uliniona kupitia kioo nimekaa kimya, ukadhani mitambo imekufa.

Basi nikamsoma. Mgongo wima, polepole, jina lake lote, watoto wake, familia za Kasuku, familia za Kailo, familia za Lubutu. Nilipofika mwisho, chupa ilikuwa inanisubiri, na mji mzima ulikuwa bado umenyamaza. Ningeisoma, jina la dada yangu lingekuwa mlango wa duka la yule bwana. Nikainuka. Ndiyo maana nilitoka, Gloria. Baadaye niliambiwa kwamba uliisoma wewe, kwa kicheko. Hukujua ulichofanya, lakini umenifurahisha kuliko saa ya ukutani.

Kilio kilijaa mpaka barabara ikafungwa, na wenye pikipiki wakazima injini bila kuambiwa. Kesho yake walifika wengine, wamechoka, miguu ina vumbi, wazee wale waliokaa msituni pamoja na Yaya kuzunguka redio moja. Nikamuuliza mama mmoja mzee, aliyetembea kutoka mbele ya Kailo, ni nani aliyempelekea habari kwa simu. Akanishika mkono, akaketi kando yangu kwenye mkeka.

"Hakuna simu, mama," akasema. "Tulikusikia. Haukucheka. Njo maana tumekuja."